Bahasha za Mwakitolyo Kabla ya Usaili wa Kanada

Sikwenda Mwakitolyo kwa hiari. Nilikuwa nimeomba kazi ya mtafiti msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha Kanada, na usaili wa kwanza niliufanya kwa kompyuta, chumbani kwangu Shinyanga mjini. Ulikwenda vizuri hadi tulipofikia tasnifu yangu ya uzamili, iliyopima zebaki katika nywele za wanawake wanaoosha dhahabu kwa kemikali hiyo huko Mwakitolyo. Profesa mmoja akauliza, "Walipewa majibu yao?"

"Bado," nikasema. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Akasema tutazungumza tena Ijumaa.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi hadi Solwa nikiwa na bahasha kumi na nne za majibu. Kutoka hapo nilichukua bodaboda. Dereva aliuliza kama nakwenda kununua dhahabu. Nikamwambia napeleka barua.

Saa nne nilifika mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu. Makarasha yalikuwa yakisaga mawe, vumbi jeupe limetanda juu ya mabati. Niliwapata wanawake watano tu. Wengine walishahamia Bulyanhulu na kwingineko. Mama Kulwa, aliyekuwa wa kwanza kukubali kukatwa nywele, alinitambua mara moja.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kukata nyingine?"

Nikamsomea majibu: zebaki yake ilikuwa imepita sana kiwango salama. Alisikiliza bila kuifuta mikono yake yenye tope.

"Ulijua lini?"

"Mwaka ule ule."

"Mwaka ule ule nilikuwa na mimba ya Shija." "Shija hatembei mpaka leo."

Sikuweza kumwambia kuwa ni zebaki iliyomdhuru mtoto, wala kwamba siyo. Nikamwambia kwamba sijui. Akaenda nyumbani, akarudi na mtoto mgongoni na kanga safi begani.

"Basi twende wote hospitali. Utawaeleza wewe, mimi sijui maneno yao."

Saa nane tulikuwa njiani kurudi. Shija alilala mapajani mwangu, mzito kuliko nilivyodhani. Hospitalini mjini daktari alimpima, akaagiza vipimo zaidi na mazoezi ya miguu. Mama Kulwa alishauriwa aache kushika na kuchoma zebaki. Akamuuliza daktari atakula nini.

Ijumaa niliwaambia wasaili ukweli: nimepeleka bahasha tano, nimezipeleka kwa sababu mliniuliza. Wiki mbili baadaye waliniandikia kwamba wamemchukua mtu mwingine.

Bado naomba kazi huko. Ila nimejifunza kwamba majibu ya mtu hupelekwa kwanza kwa mwenyewe, hata yakiwa ya kutisha, hata pasipo anayeuliza. Bahasha tisa zilizobaki naendelea kuwatafuta wenyewe.

Juzi Mama Kulwa alinipigia simu. Sasa anauza maandazi, ingawa siku nyingine hurudi mwaloni.

"Shija amesimama," alisema. "Ameshika ndoo, lakini amesimama. Andika na hilo."