Mtihani wa Tatu wa Mchuzi

Niseme ukweli, ile shule ya upishi sikwenda kwa kupenda. Miaka kumi na tisa nimewapikia wagonjwa hospitalini, na sahani zilirudi tupu. Halafu likabandikwa tangazo: asiye na cheti hakanyagi tena jikoni, anahamishiwa usafi. Mimi nishike fagio? Thubutu! Nikajiandikisha, na miaka yangu arobaini na saba, nikakaa benchi moja na watoto ambao kitunguu bado kinawaliza.

Kukata niliweza. Kupima kwa mizani niliweza, kwa kunung'unika. Kilichonishinda ni kuonja. Mimi naonja alivyonifundisha mama: unadondosha mchuzi kiganjani, unalamba, unajua. Shuleni ni marufuku. Unaonja kwa kijiko safi, mara moja, kisha unakiweka kwenye vyombo vichafu. Ukilamba mkono mbele ya msimamizi umefeli palepale, hata mchuzi uwe mtamu vipi.

Mtihani wa kwanza nililamba bila kujijua. Wa pili nililamba kijiko kikiwa mkono wa kulia! Mwalimu, kijana wa rika la kitindamimba wangu, akashika kichwa.

"Mama, jamani, si ulikuwa na kijiko mkononi?"

"Nilikiona," nikamjibu. "Usinikumbushe."

Nyumbani Baba Watoto alicheka mpaka akakohoa. "Mkono mtupu haulambwi, mke wangu. Sasa wako haujawahi kuwa mtupu!" Nilimnunia siku mbili. Kwake mzaha, kumbe mimi maji yalishanifika shingoni: ulibaki mtihani mmoja tu, na baada ya hapo fagio.

Siku yenyewe nikakifunga kiganja bandeji, nikijiona mjanja. Mwalimu akaiona mlangoni.

"Mwenye kidonda haruhusiwi kupika, mama."

Ikabidi niifungue mbele ya darasa zima, na kiganja hakina hata mkwaruzo. Watoto walicheka. Aibu gani ile!

Nikapika. Nikaonja kwa kijiko, sikuelewa kitu. Cha pili, cha tatu, ladha ya chuma tupu. Chumvi imepungua au imezidi? Zilibaki dakika nne. Ningeweza kupakua hivyohivyo, na nadhani msimamizi angenipa alama za kutosha, maana mchuzi ulinukia vizuri. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, kalamu mkononi. Lakini kutoa chakula ambacho sijui kama kimekolea, hilo sijawahi kumfanyia hata mgonjwa asiyejiweza. Nilikasirika, nikamkasirikia msimamizi, nikakikasirikia kijiko, nikajikasirikia mwenyewe.

Nikadondosha kiganjani, nikalamba, huku namtazama machoni.

Chumvi ilikuwa imepungua.

"Mama, vua aproni," msimamizi akasema, wala hakusema kwa ubaya.

"Navua. Ngoja kwanza."

Nikachota chumvi, nikatia, nikakoroga taratibu mpaka ikayeyuka, nikafunika sufuria. Ndipo nikapeleka mikono mgongoni kufungua aproni. Fundo likagoma kabisa, ikabidi mwalimu aje anifungulie.