Viti vya Barazani kwa Shangazi

Fundi makochi wa barabara ya nyuma ya stendi hakuwa mtu wa maneno. Mkewe alizoea kuwaambia majirani kwamba mume wake maneno hununua kwa kilo, na duka lenyewe liko mbali. Kwenye vikao vya ukoo, zamu yake ya kusema ikifika, alikuwa akikohoa, anasema "naunga mkono", anakaa. Siku moja aliunga mkono jambo ambalo lilikuwa bado halijasemwa, na shemeji zake walimcheka mpaka wakaagana. Wala haikuwa kiburi. Maneno alikuwa nayo tele kifuani, ila yakifika kooni yanaoneana haya, kila moja linamwambia mwenzake tangulia wewe.

Aliishia shule ya msingi, akashika sindano. Tangu hapo maisha yake yote yalikuwa viti: kufumua vitambaa vilivyochoka, kukaza springi, kukata sponji, kupigilia misumari midogo aliyoishikilia kwa midomo. Na misumari mdomoni, nani atakulaumu kwa kunyamaza?

Enzi za uanagenzi wake, redioni kulikuwa na mchezo ukiitwa Mlango wa Shangazi. Ulimhusu mjane mmoja aliyepangisha vyumba, na kila kipindi kilianza na mtu kupiga hodi. Shangazi alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, na hakuna mgeni aliyemfukuza, awe tapeli, awe bibi harusi aliyetoroka. Mchezo uliisha kama kila kitu kinavyoisha. Shangazi aliuza nyumba, muziki ukapigwa, basi. Lakini wapenzi wake hawakuisha. Mama mmoja aliyejiita Mwenye Funguo aliwafungulia ukurasa mtandaoni, akauita Barazani kwa Shangazi, na humo watu wa kila pembe, fundi akiwemo, wakaanza kukumbushana. Aliyekosa kipindi husimuliwa na aliyekisikia, neno kwa neno, mpaka mlio wa kitasa. Wengine waligombana miaka na miaka juu ya nani hasa aliiba sanduku la mpangaji wa chumba cha uani, wakasuluhishwa, wakagombana tena upya.

Sheria ya barazani ilikuwa moja. Anayeingia mara ya kwanza anaandika hodi, na sharti ajibiwe. Asubuhi moja fundi alifungua simu yake akakuta mgeni amepiga hodi tangu jana na hakuna aliyemwitikia. Watu walikuwa wamezama kwenye ugomvi wa sanduku. Fundi alimwonea huruma, maana alijua kusimama mlangoni kulivyo. Akafuta gundi kidoleni kwa kanga kuukuu, akaandika: "Karibu. Kaa kwenye kile kigoda cha karibu na dirisha. Mguu mmoja ni mfupi, kwa hiyo usiegemee kushoto." Kigoda chenyewe kilikuwa mbele yake, kinangoja mguu.

Mgeni akajibu: "Asante, nimekaa. Kweli kinayumba."

Baraza zima likacheka. Toka siku ile fundi akaitwa Bawabu, na kazi ya kukaribisha ikawa yake. Kila mgeni alimpa kiti, na hakurudia kiti hata mara moja, kwa kuwa watu wawili kiti kimoja ni ugomvi. Mwingine alimkalisha kwenye benchi la zahanati lililong'arishwa na suruali za wagonjwa. Mwingine kwenye kiti cha uvivu alicholetewa na mwalimu mstaafu, ambaye alikilalia mpaka kikachukua umbo lake. Mtu aliyeshindwa kuomba chumvi kwa jirani alikuwa ndiye mwenyeji wa nyumba isiyo na kuta.

Halafu Mwenye Funguo akaandika tangazo. Mtambo unaoshikilia baraza umezeeka, wenyewe wanauzima. Macho yake yeye hayawezi tena kuhamisha mizigo yote ile kwenda kwingine. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, mlango utafungwa. "Wanangu, tumekaa vya kutosha. Tuagane kwa uzuri."

Watu walilia kwa maandishi, wakaanza kuagana. Kilichomkaa fundi rohoni kilikuwa kitu kingine. Chini ya ukurasa palikuwa na maneno madogo yanayoonyesha wapo wangapi wanaosoma, na siku zote wanaosoma walizidi wanaosema. Wenyeji waliwaita watu wa dirishani. Hao hawakupiga hodi kamwe. Wataondoka na wao, mawazo yake yakamwambia, na hakuna aliyewaambia wakae.

Akamwandikia Mwenye Funguo faraghani. "Mama, naomba siku ya mwisho niwaite wa dirishani."

"Ukilifungua dirisha hilo, utalifunga mwenyewe," mama akamjibu. "Wanaozima mtambo hawatatungoja."

"Nitawajibu wote. Siwezi kuacha mtu na hodi mdomoni."

"Ni wangapi unadhani?"

"Wachache, mama. Kama wa kujaa kochi."

Jumamosi, alipofungua karakana tu, akaandika: "Wewe uliye dirishani, leo ni leo. Piga hodi, upate kiti kabla hatujafunga." Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, akachukua kochi la mteja alianze.

Simu ikalia. Akamkaribisha mtu, akampa kiti cha mbao cha jikoni. Ikalia tena kabla hajashika sindano. Halafu zikaja mbili pamoja. Halafu zikaanza kumiminika kama mtama uliotobolewa gunia, hodi juu ya hodi, na kidole chake kimoja kikibonyeza herufi kama kuku adonoaye.

"Hodi. Nilianza kuwasoma nikiwa na mimba ya mwanangu. Sasa ana ndevu."

"Hodi. Mimi mlinzi. Mmekesha nami lindoni miaka yote, nikachelea kusema nisije nikawaharibia."

"Hodi. Mume wangu marehemu alikuwa akinisomea. Sasa nasoma mwenyewe."

Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye siku zote alikuja kupiga porojo wateja wanapokauka, akaingia na kitana sikioni.

"Kaka, sindano imegoma leo?"

"Nina wageni," fundi akasema bila kuinua macho.

Kinyozi akatazama karakana tupu, akatazama kochi lililofumuliwa matumbo nje. "Wageni gani hao, hawana hata viatu mlangoni?" Akasogea, akachungulia simu. Akapitisha macho kwenye hodi moja baada ya nyingine. "Hawa wote unaongea nao wewe? Wewe huyu huyu?"

"Nawapa viti. Nisomee hodi, mimi niandike. Tutakwenda haraka."

"Ujira?"

"Utakaa chini, utasoma."

Kinyozi akageuza ndoo, akakalia. Wakaenda hivyo, mmoja anasoma, mmoja anaandika. Fundi akatoa viti vyote alivyowahi kuvishika. Kiti cha dereva wa lori, chenye shimo la sigara. Kiti cha shahidi mahakamani, ambacho alikikuta kimekwanguliwa kwa kucha chini ya mkono. Kiti cha bibi harusi, ambacho mwenyewe aliharakisha kukimaliza asubuhi ya harusi, na gundi ikamshika bibi harusi gauni. Stuli ya mpiga ngoma. Kiti cha magurudumu cha mzee aliyetaka kitambaa chekundu, ili wajukuu wamwone akija. Alikuwa hajui kwamba vyote vimo kichwani mwake. Kila alipofikiri ameishiwa, kimoja kilijitokeza kutoka pembeni mwa miaka.

"Mpe na changu cha kunyolea," kinyozi akasema. "Mwambie kinazunguka, asishtuke."

Mchana mkewe akaleta chakula, akakuta maongezi yamepamba moto, kinyozi amekauka koo na mumewe ana jasho kama anayebeba mawe.

"Baba watoto, chakula kinapoa, na ninyi mmekalia simu. Kuna msiba?"

"Shemeji, kaa," kinyozi akasema. "Mimi nimepofuka. Soma wewe."

Mke akaishika simu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika samaki wa mwenzake. Watu hawa wa simu alikuwa akiwataja kwa kejeli tu: leo umelisha wangapi, leo wamekufulia nguo? Akasoma hodi moja, akasoma ya pili. Ya tatu aliisoma polepole.

"Hodi. Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mchezo wenyewe sijausikia hata kidogo. Sauti ya Shangazi ninayoijua ni ile mliyomwandikia ninyi mlipokuwa mnawasimulia waliokosa. Mimi nimekosa vyote, na nimesimuliwa vyote. Naijua hata milio ya kitasa."

Barabarani mtu alikuwa akipiga honi, akaacha. Fundi alikumbuka vile alivyokuwa akisimulia, na misumari mdomoni, usemi wa Shangazi ulivyokwaruza kama kiti kinachoburutwa kwenye saruji. Alikuwa ameandika hivyo kwa ajili ya mtu mmoja aliyekosa kipindi kwa sababu betri zilikwisha. Na maneno yale yalikwenda mbali hivyo, yakaingia mahali ambapo sauti yenyewe isingeingia. Akaona kama karakana imepanuka kuta.

"Utampa kiti gani?" mkewe akauliza, na kejeli haikuwemo.

"Cha mbele kabisa," fundi akasema. "Kile cha mstari wa kwanza, karibu na jukwaa mpaka unaona mate ya mwimbaji."

Mkewe akacheka huku anajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Chakula kikapoa mpaka kikaganda.

Jioni ilipokuwa inakaribia, fundi akagonga mwamba. Alifumba macho, akatafuta. Kigoda, amekwisha kukitoa. Benchi, tayari. Jiwe la kufulia, gunia la sponji, kizingiti, ngazi ya tatu, debe, hata shina lililokatwa nje ya ofisi ya kata. Na hodi zilikuwa zikingoja, zimepangana, nyingi kuliko zilizojibiwa.

"Rudia tu," kinyozi akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi waambie waketi chini."

"Mgeni hakalishwi chini, bwana."

Akaandika, na kila herufi ilimuuma: "Nisameheni. Nimewaita, na viti vimekwisha."

Mkewe akamwekea mkono begani. Ndipo akaingia mwenyeji wa zamani sana, mpishi wa meli aliyekuwa jemadari wa ugomvi wa sanduku.

"Bawabu, mpe huyo wa kwanza kiti changu. Nilipoingia ulinikalisha kwenye benchi la zahanati. Nimelikalia vizuri, bado lina joto. Mimi natoka. Kwaherini."

Na jina lake likazimika kwenye orodha ya waliopo.

Halafu mwingine. "Mimi ulinipa kiti cha uvivu cha mwalimu mstaafu. Mpe anayefuata. Mwambie kina umbo la mtu mwingine, lakini atazoea. Kwaherini."

"Mimi nilipewa kochi lililochanwa na paka. Mpe. Kwaherini."

"Mimi ni wa kigoda," akaandika yule wa kwanza kabisa. "Mwambie asiegemee kushoto. Kwaheri, Bawabu."

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa akidhani viti vile ni mzaha wake, kitu cha kusema mtu asiyejua la kusema. Kumbe hakuna aliyesahau cha kwake. Wamevikalia miaka yote, huko walipo, wengine hospitalini, wengine baharini, na sasa wanainuka mmoja mmoja, wanapangusa kwa mkono, wanamwachia wa nyuma. Hata wageni wa mchana ule ule, waliokaa saa chache, wakaanza kuinuka. Kiziwi alimpisha mjane mwingine. Mjane huyo alimpisha mlinzi wa pili, maana walinzi walikuwa wengi. Walioagana hawakulia tena, hawakutoa hotuba. Kila mmoja alipisha, akaenda, na fundi alikuwa hana kazi tena ila kuandika "karibu" huku na "kwaheri" huku, kama mtu aliyesimama mlangoni watu wa nyumba nzima wakipita mbele yake.

"Mungu wangu," kinyozi akasema polepole. "Watu ndio hawa?"

Mwenye Funguo akaja wa mwisho miongoni mwa wenyeji. "Bawabu, mimi hukunipa kiti, ulinikuta nimesimama. Nimefurahi kusimama nawe. Zimebaki dakika, mwanangu. Usikae ukauangalia mlango unafungwa, utaumia." Akatoka.

Orodha ya waliopo ikawa na jina moja, lake. Hodi zote zilikuwa zimejibiwa. Fundi akashusha pumzi, na hapo simu ikalia.

"Hodi. Samahani nimechelewa. Nilikuwa naogopa."

Mkewe na kinyozi wakamwangalia. Fundi hakutafuta kichwani. Akaandika, na kwa mara ya kwanza siku ile kidole chake hakikuwa na haraka.

"Karibu sana. Viti vyote ni vitupu. Chagua unachotaka."

Maneno yakaondoka, yakafika. Pale chini pakaonekana kwamba mtu anaandika. Halafu ukurasa ukawa mweupe, na ulipobonyezwa tena, ukabaki mweupe.

Walikaa watatu hivyo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

"Atakuwa amechagua kipi?" mkewe akauliza.

Fundi akafikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake. Lakini safari hii akasema, na alisema mengi, kiti baada ya kiti, nani alikikalia na kilikuwaje, mpaka mkewe akasahau bakuli, na kinyozi akasahau kwamba duka lake liko wazi.