Nyatiti Isiyo na Mguu

Maikrofoni ile ilikuwa nzito kama pasi ya makaa, na ndani yake mlikuwa na utepe wa bati mwembamba kuliko karatasi ya kusokotea tumbaku. Binamu yangu aliinunua Homa Bay, kwa mzungu aliyekuwa akirekodi mahubiri na sasa alikuwa anarudi kwao. Mzungu alimwonya mambo mawili. Usiipulizie, utepe utapasuka. Na usiifunge kwenye chuma kitupu, kwa sababu inasikia hata yale ambayo sikio lako limeshazoea kuyapuuza.

La pili tulilijua siku ya kwanza tuliyoiwasha. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja pale Suna, Migori, tulichokifunika kuta kwa magunia na trei za mayai. Ukuta wa nyuma tulichangia na posho mili, kinu cha kusaga mahindi. Mwenye mili alikuwa Mwislamu aliyetoka pwani miaka mingi nyuma, mtu mpole mwenye unga hadi kwenye nyusi, ambaye kila alasiri alitupitishia birika la chai dirishani. Mashine yake ilikuwa inanguruma mchana kutwa. Sisi tulikuwa hatuisikii tena. Maikrofoni iliisikia kwa miguu, kama ng'ombe anavyosikia radi ya mbali: mtikisiko ulipita chini ya sakafu, ukapanda stendi, ukaingia kwenye kanda.

Basi ikawa kazi ya kutafuta kitu cha kuining'iniza. Nilikuwa nimemaliza chuo na sina ajira, nikiandika hadithi ambazo hakuna aliyeziomba, na ile shughuli ilinivuta kuliko hadithi zangu. Tulianza na lastiki ya fundi cherehani. Ilinyooka kwa ule uzito mpaka maikrofoni ikawa inaning'inia kichwa chini kama popo. Tukajaribu sponji ya godoro. Mngurumo ulipungua, lakini haukuisha. Tyubu ya lori ilikuwa ngumu mno, sawa na kufunga kwa chuma. Mwishowe binamu alikwenda Homa Bay kwa mafundi wa baiskeli, akarudi na tyubu kuukuu zilizolainika kwa jua na viraka. Alizikata vipande, akazisuka ndani ya pete ya waya, na katikati akailaza maikrofoni kama mtoto mchanga kwenye mbeleko.

"Omera, ndugu yangu, sikia hiyo kimya," aliniambia, akinivisha spika za masikio.

Mili ilikuwa inasaga. Akaruka sakafuni kwa miguu yote miwili. Mshale wa rekoda haukutikisika. Tulicheka, tukakumbatiana. Ndugu msomaji, sijawahi kupenda kitu kilichotengenezwa kwa mikono kama nilivyokipenda kile kitanda cha mpira.

Ndipo tukamwita mjomba.

Mjomba wetu, kaka wa mama zetu, alikuwa mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo cha nyuzi nane, huko Magunga. Msiba wowote mkubwa wa upande ule, yeye ndiye aliyeketi kando ya jeneza akawataja marehemu na babu zao huku nyuzi zikilia. Vijana wake hawakujifunza. Mmoja alipenda gitaa, mwingine aliokoka na kuziita zile nyimbo za shetani. Kwa hiyo mjomba alituomba kitu kimoja tu: kanda ya kuchezwa siku ya mazishi yake.

"Wote hawa nimewasindikiza mimi," alisema akivua kofia mlangoni. "Mimi nitasindikizwa na nani? Na radio ya matangazo ya sabuni?"

Aliketi kwenye kigoda chake, akaulaza mti wa nyatiti ubavuni, akafunga njuga mguuni, akavaa ile pete nene ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Asiyeijua nyatiti hudhani ni nyuzi. Kumbe nusu ya nyatiti ni mguu. Pete hugonga ubao wa chini, du, du, du, na ule mshindo huingia ardhini, ukatoka ardhini ukaingia kwenye nyayo za waombolezaji. Hapo ndipo watu huinuka.

Alicheza akiwa amefumba macho. Alijitaja mwenyewe kwa majina ya sifa, akamtaja mama yake, akamtaja shangazi aliyemfundisha kuiba ndizi. Mimi nililia. Binamu alitazama mshale na kutikisa kichwa kwa furaha.

Tukamchezea kanda. Alisikiliza kidogo, akainamisha sikio, kisha akautazama mguu wake kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine.

"Huyu anayecheza hana mguu," alisema.

"Uko, nera, mjomba wangu," binamu akajibu. "Sikia pete hiyo. Ti, ti, ti."

"Hiyo ni kijiko kwenye kikombe. Mguu wangu uko wapi?"

Binamu akamweleza, kwa heshima na kwa fahari, habari za tyubu: kwamba mtikisiko wa sakafu umezuiwa, kwamba mpira haujui kuuchagua wa mili na kuuacha wa mguu, kwamba tukiufungua mngurumo utarudi.

"Na mtu bila mguu atafikaje kule ninakokwenda?" mjomba akauliza, akacheka, nasi tukacheka. Akaongeza, bila kicheko, "Tafuteni njia, watoto wa dada zangu. Nikimaliza kupanda nitarudi."

Tulianza kupima unene mwingine wa tyubu, tukaongeza hapa, tukapunguza pale, tukitafuta mpira wenye akili. Mvua zilikuwa hazijaisha vizuri habari zilipofika kutoka Magunga kwamba mjomba ameanguka shambani na hakuinuka.

Mwenye mili alikuja studio kutupa pole. Aliketi kwenye kreti, akashika kichwa, akauliza kama tuna sauti ya mzee, angalau. Binamu akamweleza yote, mpaka kwenye mguu uliopotea.

"Kwa ajili ya mashine yangu?" akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

Unga kwenye nyusi ulimfanya aonekane amezeeka ghafla.

"Wanangu, mngegonga ukuta tu. Ningezima. Saa nzima, siku nzima, ningezima. Chai nawapa kila siku, mlikosaje kuniambia neno moja?"

Ukuta ule tulikuwa tumeupigilia magunia kwa misumari, tukaujua kwa unene wake, tukaupima kwa masikio. Haikutupitia akilini kwamba upande wa pili alikuwako mtu.

Magunga, mchana wa mazishi, tuliiweka kanda. Sauti ya mjomba ikatoka safi, kila uzi peke yake, hata pumzi yake kabla ya beti. Watu walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza hotuba ya chifu. Wanawake wazee walikaa na miguu yao imetulia kwenye majani. Hakuna aliyeinuka.

Nyatiti yenyewe ilikuwa imelazwa karibu na jeneza, na pete juu yake. Binamu alivua kiatu, akavua soksi, akaivaa pete kidoleni. Ilikuwa kubwa kwake. Akaanza kugonga ubao akifuata kanda. Du. Du. Alichelewa. Akakaza macho, akajaribu tena, akamkuta mjomba ameshapita kwenye jina lingine. Mjomba aliendelea mbele, mwepesi, bila kugeuka, na binamu yangu nyuma yake akigonga na kugonga, mpaka upande ule wa kanda ukaisha.