Nilivyomkamata Mwizi kwa Miwani ya Mtoto

Nichekeni tu, nimestahili. Mahindi yalikuwa yanapungua kwenye stoo yetu hapa Tongaren, nikaapa kumshika mwizi. Nikavaa miwani ya kuona gizani, kitu cha kuchezea nilichomnunulia binti yangu Nekesa kule Kitale, nikajificha nyuma ya magunia. Stoo haina dirisha. Hata mchana ni giza totoro. Mtu akaingia, akarudisha mlango, akaanza kuchota. Miwani ilinionyesha kivuli cha kijani tu. Nikamrukia, nikamkumbatia kiunoni, nikapiga mayowe: "Mwizi!"

Majirani walikuja mbio na rungu. Mke wangu akasukuma mlango, mwanga ukaingia.

"Baba Nekesa! Si huyo ni mama, anachotea kuku!"

Kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Naye, bila kunitazama, akamwambia binti yake, "Mwambie kwanza aniachilie kiuno."