Muuza Ndiga wa Palma

Wiki iliyopita nilipata habari kutoka Pundanhar kwamba amefariki bibi mmoja ambaye wasomaji wangu hawamjui, wala safu hii haijawahi kumtaja. Mpwa wake aliyenipigia simu alisema walimzika siku ile ile kabla ya alasiri, na waliofika makaburini hawakutosha hata kupokezana jeneza. Nilimshukuru, nikakata simu. Marehemu nilimjua wakati wa vita vya ukombozi, nikiwa mwanafunzi wa ualimu pale Palma, na yeye ndiye aliyenilisha. Tulimwita Dada, kwa kuwa alituzidi umri kidogo tu.

Wanafunzi wangu wa chuo kikuu hunilalamikia bei ya chakula, nami huwasikiliza bila kuwakatiza, maana kusoma na tumbo tupu nakujua. Sisi tulikuwa kumi na wawili katika bweni moja nyuma ya shule. Miezi ya mwanzo serikali ya Wareno ilitulisha wali na maharage. Kisha lori la chakula likakanyaga bomu njiani, na lililofuata likakanyaga jingine, ndipo mkuu wa kozi akatuambia kila mtu ajitafutie. Tujitafutie wapi? Wakulima walikuwa wameondolewa mashambani na kufungiwa katika vijiji vyenye uzio wa seng'enge, wasije wakawalisha wapiganaji wa msituni. Mihogo ilioza ardhini mwendo wa saa moja kutoka kwa watu wenye njaa. Wavuvi walikatazwa kwenda mbali na ufuko. Unga sokoni ulikuwepo, lakini bei yake haikuwa ya wanafunzi.

Dada aliletwa kutoka Pundanhar akafungiwa katika kijiji kimojawapo nje kidogo ya mji. Alikuwa na kibali, guia kama tulivyoita, cha kutoka asubuhi na kurudi adhuhuri, na kwa saa hizo chache alichimba viazi vya porini. Ming'oko, vile viazi visivyo na sumu, aliichemsha akatuuzia langoni mwa shule kwa bei ndogo kabisa, na asiye na kitu alikula vilevile. Ming'oko ilipokwisha ikabaki ndiga, ambayo ina sumu. Aliimenya, akaikatakata vipande vyembamba, akaiweka ndani ya tenga na kuizamisha kijitoni kwa siku kadhaa, mpaka yeye mwenyewe aonje na kuridhika. Tukimsihi atupe mapema alikataa katakata. "Nyie walimu, hiki si chakula cha kubembelezana," alituambia. "Ukikifanyia haraka, nacho kitakufanyia haraka."

Ikaja juma moja ambapo askari walifunga lango la kijiji cha Dada, hakuna kutoka wala kuingia. Siku ya tatu ya kunywa maji matupu, mimi na mwenzangu wa kitanda cha jirani, kijana Mkristo kutoka nyanda za juu, mcheshi, hodari wa hesabu kutushinda sote, tulikwenda kijitoni tukafungua tenga la Dada. Wazo lilikuwa langu. Yeye aliuliza, "Zimeshaiva hizi?" nikamjibu kwamba siku tatu zinatosha. Mwenye njaa hana miiko. Tulizichemsha nyuma ya bweni. Mimi nilionja kipande, kikaniwasha ulimi, nikatema. Yeye alicheka, akasema mimi nimelelewa kwa wali wa pwani, akala chungu kizima. Kabla ya adhuhuri alianza kutapika, kisha akawa ananena maneno yasiyoeleweka, mwili ukimkakamaa. Alikufa kesho yake, nimemshika miguu.

Mkuu wa kozi aliuliza chakula kile kilitoka wapi, na mwanafunzi mmoja akajibu bila nia mbaya, "Ndiga huwa tunanunua kwa Dada." Hilo lilitosha. Akaletwa na askari wawili, akatuhumiwa kwamba ametumwa na watu wa msituni kuwaua walimu wa serikali. Alinitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, mimi niliwauzia ndiga wiki hii?" Kila mtu akanigeukia. Nilijua nikisema kweli nitafukuzwa kozi, pengine nitapelekwa mahali ambapo watu hawakurudi. Nikasema, "Sikumbuki." Walimpiga viganja kwa palmatoria, lile kofi la ubao lenye matundu, mpaka vikapasuka, kisha wakamfungia kwa miezi. Mimi nilihitimu.

Vita vilipokwisha nilimfuata Pundanhar. Nilimkuta anapepeta mtama, ungo ameubana kwa viganja vya mikono, kwani vidole havikukunjika tena. Nilimweleza yote nikilia. Aliendelea kupepeta.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nani mwingine angefungua tenga langu?"

"Nisamehe, Dada."

"Mimi? Mimi najua sikuua. Unaniambia mimi ya nini?" Akanyoosha kidevu kuelekea nyumba za jirani. "Hao hawali chakula changu. Msibani nikibeba ungo, ungo unarudi ulivyo. Watoto wao wananikimbia. Nenda kawaambie hao."

Nilimwahidi kwamba nitawaambia. Nilitoka, nikawapita majirani zake waliokaa barazani, nikawaamkia, wakaniitikia, nikaenda zangu. Niliona haya. Nilikuwa na cheo wakati huo, na nikajiambia kwamba nimekwisha kutubu. Kila mwaka nilimpelekea mpwa wake mchele na sukari, nikijua vizuri kwamba sicho alichoniomba.

Tumezoea kusimulia vita vile kwa risasi na mabomu. Mimi nakumbuka zaidi kwamba vilimgeuza anayepika kuwa mshukiwa na anayekula kuwa shahidi, na shahidi mwoga akamaliza kazi ambayo askari waliianza. Ila siwezi kuvisingizia vita kwa miaka iliyofuata. Hiyo ni yangu. Nimejifunza, tena nimechelewa, kwamba uongo uliosemwa mbele ya watu hautubiwi chumbani. Hufutwa mbele ya watu wale wale, nao wakiwa hai. Basi wa Pundanhar mnaosoma, na msiosoma msomewe: Dada hakumlisha mtu sumu. Ndiga ile niliiba mimi, nikampa mwenzangu kwa mkono wangu, naye akafa.