Chatu Mweupe na Sanduku la Mama

Gunia bichi la katani lina harufu yake. Mvua ikinyesha, nikifungua stoo yangu pale Kariakoo, harufu ile hunipiga puani, nami husimama kidogo na ufunguo mkononi. Vijana wangu hudhani napiga hesabu. Kumbe nimerudi kwenye chumba chetu cha uani, mbele ya kasha la chatu wa baba.

Shule niliishia darasa la nne, na leo ghorofa ninazo mbili. Hakuna aliyenishika mkono. Juzi mwanangu wa chuo alinionyesha kwenye simu Wazungu wanaofuga nyoka kwa rangi, wanajua kabisa nani na nani watazaa mweupe. Nikamwambia, somo hilo nililimaliza kabla sijaota ndevu.

Baba alikuwa Msukuma, mcheza ngoma ya nyoka, akiitwa kwenye sherehe za taifa. Alikuwa na chatu wawili, dume na jike, watoto wa mama mmoja, wote rangi ya udongo wenye mabaka meusi. Kasha lao la mbao lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa akiuvaa shingoni. Jirani yetu Bi Kulsumu, akirudi kutoka foleni na unga wake wa njano, alikuwa akichungulia na kuguna, "Dunia hii. Sie ugali mtupu, nyoka anakula kuku."

Baba alinifundisha kuwatambua. "Rangi ni nguo tu," alikuwa akisema. "Soma kichwa. Chatu ana alama ya mkuki kichwani, ncha imeelekea puani."

Kisha mama akamzaa Mwanaidi, ngozi nyeupe, nywele kama nyuzi za hindi changa. Siku hizi tunasema mtoto mwenye ualbino, na tunaelewa. Enzi zile watu walitafuta mwanamume. Bi Kulsumu alimtazama mtoto, akalitazama duka la Mwarabu pale kona, akasema taratibu, "Kitanda hakizai haramu, Baba Masanja." Wanawake wa uani wakacheka. Baba hakucheka, na tangu siku hiyo hakumpakata mtoto.

Mwishowe akamwambia mama atamrudisha kwao Lindi. Mimi nibaki, Mwanaidi aende. Mama akavuta sanduku lake la bati lenye maua kutoka uvunguni, akaanza kukunja khanga.

"Nitakwenda," alisema. "Ila nikifika niwaambie nimefanya nini, Baba Masanja? Nimezaa?"

Baba akatoka kutafuta kamba ya kulifungia.

Wakati huo yule jike alikuwa amejiviringa kuzunguka mayai yake kwa wiki nyingi, juu ya magunia mabichi. Asubuhi ya safari, sanduku limeshafungwa kamba, liko mlangoni, baba alifungua kasha kuwawekea maji. Akabaki ameinama. Nikasogea. Mayai yalikuwa yanapasuka, na vichwa vidogo vya rangi ya udongo vinachungulia. Katikati yavyo kimoja kilikuwa cheupe chenye umanjano, macho mekundu kama nyama ya pera.

Bi Kulsumu alishafika. "Huyo naye baba yake nani?"

Baba akaushika ufunguo shingoni. "Ufunguo ninao mimi," alisema, wala hakuwa anamjibu yeye. Akamtoa yule mweupe, akamgeuza kwenye mwanga. Kichwani, kwa umanjano hafifu, mkuki ulikuwepo.

"Ni wao," akasema. "Wote wawili. Rangi hii walikuwa nayo ndani."

Akanawa mikono, akaingia chumbani, akamfunua Mwanaidi. Akamtazama kichwa kwa muda mrefu. Masikio yake yalikuwa yamekunjika juu, kama ya baba, kama haya yangu.

Kisha akaliendea sanduku. Akafungua kamba, akatoa khanga moja moja na kuzipanga kitandani. Akatoboa mfuniko kwa msumari, na watoto wa chatu akawatia humo.

"Sasa mimi nitaondoka na nini?" mama aliuliza.

"Sanduku lina watu," baba akajibu.

Nilimkasirikia baba siku ile. Sanduku la maua, zuri vile, kulitoboa! Kwa miaka mingi niliamini alikosa tu pa kuwaweka nyoka. Neno la samahani sikulisikia kwake hadi tunamzika, nami nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba nililiona likitobolewa kwa msumari.

Chatu walipokua, mama alilisugua sanduku lile kwa mchanga, akarudisha khanga zake. Mimi, mwenye uwezo wa kununua duka zima la masanduku, nilimpelekea jipya mara kadhaa. Alilipokea, akashukuru, akampa Mwanaidi. La kwake lilibaki lile lenye matundu.