Mboji ya Kabla ya Krismasi

Ukingoni mwa Tuwan, mjini Kitale, watu wengi walijua harufu ya kazi ya Wacuka kabla ya kumjua mwenyewe. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa kama ya msitu uliolowa mvua, nayo ilitoka nyuma ya nyumba yake ya mabati, kwenye lundo la mboji alilolitunza kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa.

Baba yake alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri akiwa kijana. Wacuka alizaliwa hapo Kitale, akaolewa hapo, akamzaa Muturi hapo, na mumewe akazikwa hapo. Riziki yake ilikuwa miche: sukuma wiki, kabeji, nyanya, managu. Siri ya miche hiyo hakumficha mtu. Wenzake walichimba shimo, wakatupa taka, wakasahau mpaka mwaka ugeuke. Yeye alikatakata kila kitu kwa panga kwanza, maganda ya ndizi, mabua ya mahindi, magugu. Akapanga tabaka bichi juu ya tabaka kavu, samadi ya kuku katikati, na mboji kuukuu kidogo ya kuchachulia. Akanyunyiza maji kiasi kwamba ukikamua konzi moja, linatoka tone tu. Halafu alichomeka fimbo ndefu katikati. Asubuhi aliichomoa akaishika. Ikimchoma kiganja, aliliacha lundo. Ikiwa vuguvugu, alichukua uma wa shamba akaligeuza lundo zima, ya ndani nje na ya nje ndani, lipate hewa. Kilichowachukua wengine mwaka mzima, yeye alikimaliza kwa mwezi.

Taka nyingi zilitoka kwa majirani. Walimletea ndoo za jikoni, naye akawapa miche. Ndivyo alivyozoeana na Phelista, Mama Lenah, mwanamke wa Lugulu upande wa Bungoma, aliyeuza mitumba sokoni.

Mwaka ule wa uchaguzi, 2007, ndoo zikaanza kupungua.

Mwanzoni Wacuka hakujali. Akadhani watu wana shughuli. Kisha Wilkista, jirani wa mtaa wa pili, ambaye hakukosa hata wiki moja, alionekana akimwaga maganda yake mtaroni, hatua chache tu kutoka lango la Wacuka. Macho yao yalipokutana, Wilkista alijifanya anatazama angani.

Lundo likapoa. Fimbo ikitolewa, ilikuwa baridi kama mpini wa mwavuli.

Siku moja akaja Wekoye, mtu mpole aliyekuwa akinunua miche ya kabeji kila msimu. Safari hii hakuangalia miche.

"Mama Muturi, habari ya kazi?"

"Njema. Umekuja kuchukua kabeji?"

"Aa, napita tu." Alizunguka lundo, akainama, akachota konzi, akanusa. "Hii itakuwa tayari lini?"

"Kwa vile taka zimepungua, labda Machi. Mvua ikianza."

"Machi ni sawa," alisema Wekoye. "Machi ni sawa kabisa. Usiharakishe, mama. Tengeneza tu vizuri."

Akapangusa mikono. Kabla ya kuondoka alitembea kandokando ya ua, toka mwanzo hadi tangi la maji, akienda kwa hatua ndefu zilizolingana, midomo ikichezacheza.

Wacuka alikuwa amekwisha kubandika chai alipotambua kilichomsumbua. Mtu anayetaka kununua huuliza bei. Wekoye hakuuliza.

Alipomsimulia Phelista, Phelista aliiacha chai yake mpaka ikaota utando.

"Mama Muturi, unajua kwa nini wameacha kuleta ndoo?"

"Sijui."

"Unajua, bana. Wanasema ati baba yako alikuja tu, kwa nini wakutengenezee mborea ya shamba lenye mwaka kesho si lako." Akilemewa na jambo, Phelista aligeuza maneno kama watu wa kwao.

"Na wewe mbona unaleta?"

"Mimi maganda ya viazi yangu haina kabila."

Walicheka kidogo. Kicheko kilikatika chenyewe, na hakuna aliyejaribu kukiendeleza.

Muturi, mwanawe wa pekee, alikuwa akipiga simu kutoka Nairobi karibu kila jioni. "Mami, funga nyumba uje." Naye alimjibu jibu lile lile: miche itanyweshwa na nani? Lakini baada ya Wekoye kupita, wazo lingine lilimwingia, likakaa. Hatangoja Machi. Akiondoka au asiondoke, mboji ile haitamngojea mtu mwingine.

Akaanza kuikimbiza. Asubuhi alienda kando ya barabara kukata yale majani mapana ya maua ya njano, yanayooza upesi kuliko yote. Mchana alizoa sokoni majani ya kabeji yaliyotupwa. Aliangusha migomba miwili, akaicharanga vipande vidogo vidogo. Mwenye kuku wa kijiji cha pili alimpa magunia ya samadi bila kumtazama usoni. Akalijenga lundo upya, akalifunika kwa magunia na nailoni, akaligeuza kila lilipoanza kulegea, hadi viganja vikachubuka. Joto likarudi kwa nguvu. Kwenye baridi ya alfajiri ya Kitale, mvuke ulipanda juu ya ua ukaonekana kutoka njiani, na wapita njia waliokuwa wakizungumza walinyamaza wakifika pale.

Asubuhi moja alikuta alama ya chokaa langoni, mistari miwili imepitana. Akaisugua kwa kitambaa. Kesho yake ilikuwa imerudi, kubwa zaidi.

Wiki ya kabla ya Krismasi mboji iliiva. Ilikuwa nyeusi, laini, imepoa, haionyeshi kwamba iliwahi kuwa ganda wala bua. Wacuka akajaza ndoo, akaanza kuzipeleka nyumba kwa nyumba, kwa wote waliowahi kumletea taka.

"Hii ni yenu," alisema kila mlango. "Ilitoka jikoni kwenu."

Mmoja alimfungia mlango. Mwingine alipokea na kurudisha ndoo tupu kwa kuitupia uani. Kwa Wilkista alikaa mlangoni muda mrefu. Wilkista alisimama na ndoo mikononi, akaonekana kutaka kulia, akaangalia huku na huku, kisha akasema kwa haraka kwa lafudhi ya kwao, "Siku watakayotangaza matokeo, usirare hapa. Mama Muturi, unasikia? Usirare."

Kesho yake Wekoye alikuja. Alikuta nyuma ya nyumba pamebaki duara la udongo mtupu.

"Lundo liko wapi?"

"Limeiva, limekwenda."

"Nilikuambia Machi."

"Uliniambia. Mimi sikukubali."

Wekoye alimtazama bila hasira, jambo lililomtisha kuliko hasira. "Umefanya haraka, mama," alisema. "Sasa na yale mengine ufanye haraka."

Phelista hakutaka kusikia habari ya kungoja. Siku ya kutangazwa matokeo, jua likiwa bado juu, kaka yake alikuja na pikapu. Walipakia godoro, sufuria, na trei chache za miche, wakashika njia ya Kimilili. Hawajafika mbali Wacuka alipogeuka na kuona moshi mweusi upande wa Tuwan, kisha mwingine, kisha mwingine. Hakuuliza upi ni wake. Phelista alimvuta kichwa akakilaza begani, wakaenda hivyo hadi Lugulu.

Alirudi kutazama mwezi wa Mei, Phelista akiwa naye. Mabati hayakuwapo, hata misumari ilikuwa imeokotwa. Palipokuwa na nyumba palisimama mahindi yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka. Hakuna aliyewahi kusema alimwona Wekoye siku ile ya moto, na yeye mwenyewe alitoka katikati ya mahindi akipangusa mikono, akasalimu kwa heshima zote.

"Karibu, mama. Karibu nyumbani. Mtakunywa chai?"

"Hapana," alisema Wacuka. "Tunapita tu."

Njiani walipita bustani za majirani. Sukuma wiki zilikuwa nene na za kijani kibichi. Pazia la Wilkista lilisogea, likatulia.

Wacuka hakurudi tena Kitale, wala hakwenda Nairobi. Alibaki Lugulu, kwenye kipande cha ardhi alichopewa na ndugu za Phelista, na akina mama wa kanisa wakaja kujifunza kwake. Aliwafundisha yote: kukata, kupanga, kunyunyiza, kugeuza. Mmoja aliuliza kwa nini lundo lake mwenyewe halizidi magoti, na hali alisema mwenyewe kwamba lundo refu ndilo linaloshika moto na kuiva upesi.

"Refu linaonekana kutoka barabarani," alijibu Wacuka, akachukua panga, akaendelea kukata.